Mdogo wangu alisaini asichokisoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua.

Nina miaka 44, mzaliwa wa Korogwe. Usiku nahudumu katika nyumba ya wazee hapa Silver Spring, Maryland, na Jumanne na Alhamisi jioni, kabla ya zamu, nasoma chuo cha jamii. Ni vyuo vya miaka miwili. Hakuna anayekuuliza ulipata daraja gani kidato cha nne. Unajisajili, unalipia kozi mojamoja kadiri mfuko unavyoruhusu, ukitimiza krediti 60 unapewa stashahada yako. Darasani kwetu yumo kijana aliyetoka jeshini, mlinzi wa duka, na mama wa El Salvador ambaye huja na mwanawe wa miaka sita akikosa wa kumwachia.

Somo langu sikuwa na jina lake kwa Kiswahili hadi mwaka 2023, Rais Samia alipounda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na magazeti yakajaa neno "haki jinai", yaani namna polisi, waendesha mashitaka, mahakama na magereza wanavyoshughulikia makosa na watuhumiwa. Nikampigia mama kwa furaha nimweleze. Akanyamaza, kisha akauliza, "Jinai? Umefanya nini tena huko, mwanangu?"

Muhula uliopita mwalimu wetu, mpelelezi mstaafu, alitusomesha kesi ya Ernesto Miranda wa Arizona. Polisi walimhoji kwa muda wa kama saa mbili bila wakili, akasaini maelezo ya kukiri. Juu ya karatasi ile palikuwa pameshapigwa chapa kwamba anasaini kwa hiari, akizijua haki zake. Hakuna aliyekuwa amemwambia haki zenyewe. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema maelezo hayo hayafai. (Wengi hudhani Miranda alikwenda nyumbani. Alishitakiwa upya bila karatasi ile, akafungwa.)

Nilishindwa kuandika notisi. Nilikuwa namwona mdogo wangu, dereva wa bodaboda, aliyekamatwa miaka kadhaa iliyopita kwa sababu ya pikipiki aliyouziwa na mtu. Kituoni aliambiwa, "Saini hapa uende zako." Akasaini. Kusoma anajua, darasa la saba alimaliza vizuri, ila karatasi ilikuwa imefunikwa na mkono wa aliyeiandika. Hakwenda zake. Alikaa mahabusu miezi saba, mpaka mlalamikaji alipochoka kuja mahakamani na kesi ikafutwa.

Usiku ule nilimsimulia habari ya Miranda kwa simu. Akaniuliza, "Kwetu je, dada, hiyo haki ipo?" Nikaona aibu, maana nilikuwa naijua sheria ya Arizona kuliko ya Korogwe. Nikaitafuta. Ipo! Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka polisi amweleze aliye chini ya ulinzi kwamba halazimiki kujibu maswali, na akiomba, awezeshwe kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Siku mdogo wangu anasaini, maneno hayo yalikuwapo kitambo.

Siandiki kuisifu Marekani. Mahakama yao hiyohiyo iliandika mwaka 2012 kwamba katika majimbo, watu 94 kati ya 100 wanaotiwa hatiani hukiri wenyewe, wengi kwa kupatana na mwendesha mashitaka ili wapunguziwe. Nasi tumeingiza makubaliano ya kukiri kosa katika sheria zetu tangu 2019. Kwa hiyo karatasi za kusaini zimeongezeka, na anayewekewa karatasi mbele yake ni yuleyule aliyeambiwa "saini uende zako".

Ombi langu liko hapa. Tunavyo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi 54, vilivyoanza mwaka 1975 kwa mfano wa Sweden, kwa ajili ya watu wazima ambao shule iliwaacha njiani. Wanafundisha ushonaji, useremala, umeme, kilimo. Waongeze darasa la jioni la haki jinai, wiki nane tu, bila sharti la cheti. Aje hakimu wa mahakama ya mwanzo siku moja, polisi siku nyingine, na wanaotoa msaada wa kisheria. Wakae benchi moja mgambo, mtendaji wa kijiji, mama lishe na bodaboda. Wakifanya darasa la polisi peke yao, watakuwa wamerudi kulekule. Na watu wafundishwe kwa karatasi zenyewe: hii ni hati ya dhamana, haya ni maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikisha polisi baada ya kuonywa, hapa ndipo pa kusema "naomba nisome kwanza".

Mdogo wangu anasema atajiandikisha, ila darasa lisianze kabla abiria wa basi la Dar hawajaisha stendi.

Mzaliwa wa Korogwe,
Silver Spring, Maryland, Marekani