Jogging peke yake haikunitosha

Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme kidogo wenzangu wa klabu za jogging hapa Dar es Salaam. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni kukaa. Nilifika kilo 104, sukari ikaanza kupanda. Nikanunua fulana ya klabu, nikakimbia kila Jumapili miezi minne, kisha supu na chapati mbili (hapo tulijidanganya wote). Mizani ikagoma.

Muuguzi mmoja ndiye aliyeniuliza, "Baba, na misuli je?" Kumbe misuli ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya sukari baada ya kula. Shirika la Afya Duniani linataka vyote: angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani, kama kutembea haraka, kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi.

Sasa naenda kibandani kwa miguu. Jumanne na Ijumaa nashika madumu mawili ya lita 5, nainuka na kuketi kwenye stuli ya cherehani mara 12, napumzika, narudia. Nimepungua kilo 3 tu, lakini sukari imetulia, na kiuno cha suruali nimekipunguza mara mbili kwa mkono wangu.

Viongozi wa klabu, kabla ya supu, tupeni walau robo saa ya pushapu.

Fundi cherehani,
Temeke, Dar es Salaam