Shukrani kwa aliyenitumia tepu za redio

Kaka yangu uliyeomba jina lako lisitajwe, asante sana. Tepu zako za King Biscuit Flower Hour, kipindi cha matamasha kilichoanza kurushwa Marekani mwaka 1973, zimefika salama pamoja na nakala zake za kidijitali.

Wengi hawajui kwa nini jambo hili ni zito. Baadhi ya matamasha yale yalichanganywa kwa ajili ya spika nne, kisha njia nne za sauti zikakunjwa ndani ya mbili ili zipite kwenye FM ya kawaida. Kuzikunjua kunategemea tofauti ndogo mno za mawimbi kati ya kushoto na kulia. Kichwa cha kinasa sauti, yaani sehemu inayosoma tepu, kikiinama kidogo tu, au faili la kidijitali likibanwa kupita kiasi ili liwe dogo, makofi yaliyopaswa kutoka nyuma yako yanapotea njia. Uchungu wake anaujua mkusanyaji!

Wewe ulisawazisha kichwa upya kwa kila tepu, ukanakili bila kubana chochote, na gharama za posta ukakataa nikurudishie. Mungu akuzidishie afya, wewe na nyumba yako.