Mvumo wa amplifaya hautibiwi kwa kukata ethi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaombe wanaojiundia amplifaya za valvu (taa za kioo) za gitaa hapa Tanga waache kukata waya wa ethi kwenye plagi ili kuua mvumo. Mvumo hupungua kweli, ndiyo maana ushauri huu unasambaa. Lakini waya huo ndio unaofanya fyuzi iungue pale transfoma inapopiga shoti kwenye chasisi, yaani bati la chuma linalobeba sehemu zote. Ukishaukata, fyuzi haina habari. Volti 230 zinafika hadi kwenye nyuzi za gitaa, na mpigaji akipeleka mdomo kwenye maikrofoni ya mikisa yenye ethi, umeme unapita kifuani mwake.

Mvumo wenyewe husema unakotoka. Shusha volyumu hadi sifuri: ukibaki, chanzo kiko baada ya kitufe hicho cha volyumu, kuelekea spika; ukinyamaza, ni jeki (tundu la kuchomekea gitaa) au valvu ya kwanza. Kisha piga uzi mnene kuliko wote, freti ya 3. Noti hiyo ni hezi 98, yaani mitikisiko 98 kwa sekunde. Mvumo unaokaribiana nayo ni wa hezi 100, na mara nyingi umetoka kwenye uchujaji baada ya rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa mkondo mmoja). Ulio chini yake kwa oktavu nzima ni hezi 50, yaani umeme wa ukutani wenyewe umepenya mahali.

Kabla ya kupeleka mkono ndani, chomoa plagi. Kapasita za kuchujia, zinazohifadhi chaji, hubaki na volti 300 hadi 450 hata hapo. Zitoe chaji kwa rezista ya kiloomu 10, wati 10, kutoka upande wa chanya hadi chasisi, halafu hakikisha kwa mita kwamba zimeshuka chini ya volti 10. Bisibisi si chombo cha kazi hiyo.

Kwa hezi 100, mshukiwa wa kwanza ni kapasita iliyokauka, hasa zile zinazong'olewa kwenye televisheni mbovu. Amplifaya ikiwa imezimwa na haina chaji, shikiza nyingine nzima sambamba nayo, mikrofaradi 47, volti zisizopungua za ile ya zamani, chanya kwa chanya. Mvumo ukipungua, toa ile ya zamani kabisa, usiziache mbili.

Usipopungua, tazama gizani pleti (bamba la chuma ndani ya kioo) za valvu za mwisho. Ikiwa moja imewiva nyekundu, wengi hukimbilia kununua valvu mpya, nayo huiva vilevile. Kosa huwa ni kapasita ya kuunganishia (inayopitisha sauti kutoka valvu iliyotangulia) inayovujisha umeme wa juu kwenye gridi, sehemu ya valvu inayopokea sauti: valvu inakunywa mkondo mwingi kuliko uchujaji unavyomudu, ndipo mvumo unapanda. Chomoa valvu hiyo, washa, pima gridi dhidi ya chasisi: pini ya 2 kwa EL84, pini ya 5 kwa 6V6 au EL34. Kwenye amplifaya yenye rezista ya kathodi (kati ya kathodi ya valvu na chasisi) mita isome sifuri. Hata volti 1 chanya inatosha kuihukumu kapasita. Weka mpya ya mikrofaradi 0.022, volti 630. Angalizo: valvu ikiwa nje, volti za juu hupanda zaidi, kwa hiyo mkono mmoja ukae mfukoni.

Hezi 50 ni kazi ya waya. Nyaya za hita (zinazopasha valvu moto) zisokotwe pamoja na zipite kwenye kona ya chasisi, mbali na gridi. Kama nyaya hizo za volti 6.3 hazina toleo la katikati kwenye transfoma, unga rezista mbili za omu 100, moja kila upande, zikutane chasisi. Jeki nayo ipekuliwe: hewa yetu ya chumvi huila, na jeki inayotegemea nati yake kushika ethi hupoteza mguso bila kuonekana.

Ethi ya plagi ipewe bolti yake peke yake, si ile ya transfoma, rangi ikwanguliwe na iwekwe washa ya meno. Pima kutoka pini ya ethi hadi chasisi: isizidi omu 1.

Ikiwa mvumo unatokea tu amplifaya mbili zikiunganishwa, zichomeke kwenye ekstensheni moja. Ukiendelea, weka transfoma ya sauti yenye uwiano wa 1:1 kwenye waya wa sauti kati yao. Plagi zote zibaki na ethi zake.

Fundi redio,
Ngamiani, Tanga