Clarisse, nimefundisha uongo

Goma, Ndosho, Jumapili jioni

Dada Clarisse,

Salamu nyingi. Huku hatujambo kiasi, sambaza zimepanda bei, mengine unayasikia kwenye redio. Najua ni miezi mitano sijakuandikia, ila na wewe usijifanye malaika. Naandika kwa mkono, kisha nitapiga picha nikutumie. Usicheke hati yangu, kibatari kinacheza.

Nina jambo linaninyima usingizi. Nimefundisha uongo mbele ya watoto arobaini na wawili wa mwaka wa tano, na nilifundisha kwa sauti kubwa.

Ilikuwa somo la protini. Nikawaambia kinazi ni kimeng'enya kinachochukua fosfati kutoka kwenye ATP (molekuli inayobeba nishati ndani ya seli) na kuibandika juu ya protini nyingine. Darasa zima likaangua kicheko: kinazi, nazi ndogo! Watoto ambao nazi yenyewe wameiona kwenye picha tu. Walipotulia nikawaonyesha swichi ya ukutani (haijawasha kitu tangu mwaka juzi, unaijua shule yetu). Nikasema: fosfati ikikaa, protini inawaka, fosfati ikitoka, inazimika. Wakaandika. Kisha mtoto wa Mama Nsimire, yule anayekaa nyuma na kujifanya amelala, akanyoosha mkono: "Madamu, na nani anaitoa?"

Nikajibu: "Inadondoka yenyewe." Kengele ikalia, nikamshukuru Mungu.

Siku nne baadaye Mama Nsimire akanigongea saa nane za usiku. Yule mdogo, Bahati, anaharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Usiogope, amepona, jana alikuwa anagombania maandazi. Lakini nililala naye pale kwenye kituo cha kipindupindu usiku mbili. Kitanda kina tundu katikati, ndoo chini yake, na ndoo ina mistari ili muuguzi ajue mtoto amepoteza maji kiasi gani na amrudishie mangapi. Harufu ya klorini mpaka leo iko kwenye kitenge changu. Unakaa, unahesabu matone ya serumu, huna la kufanya. Nikatoa daftari lako la zamani (ndiyo, ninalo mimi, nakiri).

Na humo ndimo nilimokuta aibu yangu. Kumbe huyu vibrio, bakteria wa kipindupindu, anajihesabu! Kila mmoja anatoa kemikali nje yake. Wakiwa wachache, kemikali ni kidogo, kinazi zilizo kwenye utando wake zinajibandika fosfati zenyewe, zinaipitisha kwa protini iitwayo LuxU, LuxU anaikabidhi kwa protini nyingine, LuxO. LuxO mwenye fosfati anafanya vipande vidogo vya RNA vitengenezwe, navyo vinaizuia HapR, protini inayoongoza jeni nyingine, isitengenezwe. HapR ikikosekana, vibrio wanang'ang'ania utumbo na kutoa sumu. Wakishakuwa wengi, kemikali inajaa, na kinazi zilezile zinageuka: badala ya kugawa fosfati, zinaivuta kurudi. LuxO anabaki mtupu, HapR inapanda, sumu inapungua, kinatengenezwa kimeng'enya kinachowasaidia kubanduka na kutoka. Mimi siku zote nilidhani vijidudu vinasubiri viwe jeshi ndipo vishambulie. Hawa wanashambulia wakiwa wachache, wakiwa wengi wanafunga mizigo. Na mizigo yenyewe, Clarisse, ilikuwa ndani ya ile ndoo chini ya Bahati.

Basi "nani anaitoa?" Yuleyule aliyeiweka! Mtoto aliuliza swali zuri kuliko somo langu.

Nikaendelea kusoma, ikawa mbaya zaidi. Kwa E. coli, bakteria wa utumbo, kuna kimeng'enya cha mzunguko wa Krebs (njia ya seli ya kuvunja chakula ipate nishati), isositrati dehidrojenasi. Bakteria akilishwa asetati tu, kimeng'enya kingine, AceK, anabandika fosfati kwenye serini (asidi amino mojawapo) ya kimeng'enya hicho, na kinazimika. Kinazimika, dada! Fosfati ikikaa, taa inazima, ili kaboni ipite njia nyingine isipotee yote kama gesi. Hili linajulikana tangu 1979, mwalimu wenu hana habari. Na chakula kikirudi, AceK huyohuyo anaitoa. Swichi yangu ya ukutani nimeizika rasmi.

Kidogo tu nilijitetea kwa CheY, protini inayoamua bakteria aogelee moja kwa moja au apinduke ageuze njia. Yeye kweli fosfati yake inadondoka yenyewe baada ya sekunde kadhaa. Lakini hata hapo protini nyingine, CheZ, yupo, anaiharakisha iondoke chini ya sekunde moja, maana bakteria anayekumbuka sumu ya zamani sana anaogelea vibaya. Kwa hiyo nilikuwa sahihi robo. Robo ya darasa haitoshi kwenye mtihani wa serikali.

Mkuu mmoja hapa shuleni nilipomwambia nataka kurudia somo akasema programu haina nafasi, "watasahau tu." Ndiyo, watasahau mengine. Swichi hawataisahau, najua kitu nilichowafanyia. Tena yule wa nyuma hajaniuliza tena swali lolote, ananitazama tu.

Nisaidie basi. Nikitumia vifuniko vya chupa viwe fosfati, kila dawati liwe LuxO, halafu mtoto mmoja awe kinazi anayegawa na kuvuta, itaeleweka au itakuwa vurugu? Nimtaje LuxU au nimruke? "Kubandika fosfati" inatosha, au ninyi wa labo mna neno zuri zaidi? Na nimesoma kwamba fosfati ya histidini (asidi amino ambapo kinazi hizi za vibrio hujibandika fosfati) inavunjika ukiweka asidi. Ninyi hapo mnaikamataje? Kifua kikuu mnachopima, ni kweli kina kinazi kumi na moja za namna ya zetu binadamu, zinazobandika fosfati kwenye serini na treonini? Dieudo alirudisha kile kitabu? Mguu wa Papa Kasongo? Na bukari (ugali) ya Lubumbashi imekunenepesha au bado?

Nijibu kabla ya Alhamisi. Nina kipindi saa mbili na nusu asubuhi.

Wako,
Neema