Tangazo la kufunga njia litaje dakika

Mhariri,

Matangazo ya kufunga njia kupisha matengenezo ya barabara hapa Dar es Salaam huishia na maneno "samahani kwa usumbufu". Dereva hapangi safari kwa samahani. Muda wa kukwama unakadirika, tena kwa hesabu ya shule ya msingi.

Tuchukue barabara yenye njia mbili kila upande, moja imefungwa, na inayobaki inapitisha magari 1,500 kwa saa. Kuanzia saa 10 jioni yanakuja 2,200 kila saa, hivyo 700 yanabaki. Ikifika saa 12 foleni ina magari 1,400. Anayeunga mkiani muda huo atasubiri 1,400 gawanya kwa 1,500, yaani dakika 56. Kila gari likichukua mita 8, kwa safu mbili foleni ni kilomita 5.6. Baada ya hapo yakija 1,000 kwa saa, foleni inapungua 500 tu kila saa. Itakwisha saa 2:48 usiku. Hapo ndipo makadirio mengi yanapoharibika: huhesabiwa saa mbili za kujaa, zinasahauliwa karibu tatu za kumalizika.

Kosa baya zaidi ni kuhesabia magari kwenye koni zinazofunga njia. Pale zitaonekana gari 1,500 zikipita, na kwenye karatasi hakuna ucheleweshaji hata kidogo! Mhesabuji akae nyuma ya mkia wa foleni, na arudi nyuma kadiri mkia unavyorefuka.

Tena 1,500 ni magari madogo. Semitrela litokalo bandarini kwa Barabara ya Mandela lihesabiwe mawili au zaidi, hasa penye mwinuko. Daladala nazo: zikisimama mara 30 kwa saa ndani ya njia moja iliyobaki, sekunde 20 kila mara, dakika 10 zimepotea na uwezo umeshuka hadi 1,250. Zile dakika 56 zinakuwa 91. Kituo kihamishwe kabla koni hazijapangwa.

Kazi hiyohiyo ikianza saa 3 usiku, magari yakiwa 900 kwa saa, foleni haijengeki.

Tunaomba kila tangazo litaje saa ya kufunga, saa foleni itakapokwisha, na dakika za atakayekwama zaidi.

Wahandisi wa usafirishaji,
Dar es Salaam