Barua kwa mwanangu: Subira wako na madebe ya bibi

Tukuyu

Mwanangu Atupele,

Muswada wa riwaya yako nimeusoma jana na juzi usiku, mvua ikipiga bati bila kupumzika. Lugha yako imenifurahisha sana. Aliyenikwamisha ni Subira, mhusika wako mkuu. Ni mpole, mkweli, mchapakazi, anaonewa na kila mtu, na mpaka sura ya tisa hajakosea hata mara moja. Darasani ningewaambia wanafunzi: huyu ni mhusika bapa, wa upande mmoja tu, asiyebadilika. Najua unamtaka awe mhusika duara, mwenye pande nyingi kama mtu halisi, lakini umemrundikia matatizo tu, na matatizo yanamfika yeyote. Mpe jambo la kuchagua, limuume.

Mkumbuke bibi yako wa Isongole. Alikuwa na madebe mawili ya kupimia viazi, moja zima, moja limebonyea kitako. Wanunuzi wa mjini aliwapimia kwa lile lililobonyea, maana nao walizoea kumdai lumbesa, ujazo wa kupita kipimo. Jirani yake mjane alipimiwa kwa lile zima, na kuongezewa vya juu. Siku moja mjane akaja na shemeji yake wa mjini, kila mmoja anataka debe moja. Nilikuwa na miaka kumi, nimesimama mlangoni. Niliuona mkono wa mama ukisita kati ya yale madebe. Akashika lililobonyea. Akawapimia wote wawili kwa hilo hilo, macho chini. Jioni akanituma kwa mjane na kikapu cha viazi, akanikataza kusema ni vya nini.

Mimi namjua mama kwa ule mkono kuliko kwa sala zake zote.

Hata Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, shuleni tunamfundisha kwa tarehe: ushindi wa Lugalo 1891, ngome yake ya Kalenga kuanguka 1894, kujipiga risasi 1898 ili asikamatwe. Mwandishi angeng'ang'ania ile miaka karibu minne ya mafichoni. Alimwamini nani? Usiku alijilaumu kwa lipi? Huko ndiko riwaya iliko.

Rudi sura ya tano, pale Subira anapookota pesa za kikundi na kuzirudisha papo hapo. Hebu alale nazo usiku mmoja, ada ya mdogo wake ikiwa haijalipwa. Usinieleze anachowaza. Nionyeshe anapozificha.

Baba yako anakusalimu, naye anausubiri muswada. Lile debe lililobonyea bado lipo jikoni, naweka mkaa.

Mama yako