Barua ya wazi kwa Bwana Afya: Ile nusu nyingine ya wembe iko wapi?

Bwana Afya, shikamoo.

Mwezi uliopita ulipita mtaani kwetu na vijana wako wawili. Kwenye banda langu la kunyolea mlikaa kama dakika tano. Ukaomba leseni, nikatoa. Ukaomba risiti ya taka, nikatoa. Ukanyoosha kidole juu kwenye utando wa buibui, ukasema nipake rangi. Nimepaka. Lakini mlipoondoka nilibaki najiuliza mbona hukufungua droo.

Kwenye droo ndimo zinamokaa nyembe, na wewe najua hujawahi kukaa upande wangu wa kiti, kwa hiyo nikueleze. Siku hizi kichwa tunanyoa kwa mashine, na watu wengi wanadhani wembe umeshakwenda zake. Haujaenda. Mteja akishanyolewa anasema, "Nichonge." Hapo ndipo natoa kile kishikio cha kukunja, nachukua wembe wa kawaida wa dukani, naukata katikati ungali ndani ya karatasi yake, nusu moja naipachika kwenye kishikio. Nusu ya pili inabaki. Kama bado imo kwenye karatasi, ni mpya, haina tatizo. Lakini jioni ya Jumamosi, watu wanane kwenye benchi na mpira unaanza saa moja, nusu mpya na nusu iliyotumika zinalala pamoja kwenye droo moja. Mteja ameinamisha shingo, hawezi kujua kapewa ipi. Mara nyingine kinyozi mwenyewe hajui. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kutojua.

Wembe wenyewe si mali, Bwana Afya. Ni bei ya andazi kwa Mangi, nami nanyoa kwa 2,000. Anayerudia wembe mara nyingi anaokoa muda kuliko pesa, na muda nao ni ule wa kuchana karatasi tu.

Zamani tulitishwa na Ukimwi, na kitisho kile kilitusaidia: kuna wazee hapa mtaani mpaka leo wanakuja na wembe wao mfukoni. Vijana hawaji nao. Na mimi kwa sasa ninayemwogopa zaidi ni homa ya ini aina ya B. Kirusi chake kinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba au zaidi, kwenye damu iliyokauka ambayo hata huioni kwa macho. Aliye nacho anaweza kukaa miaka bila kuumwa popote, huku ini linaharibika, na wengine huishia kwenye saratani. Watoto wetu wanachanjwa kliniki tangu 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawajachanjwa, na hao ndio wateja wangu wa ndevu. Mimi mwenyewe pia, ninayejikata vidole kila wiki, nilikuwa sijachanjwa mpaka mwaka jana.

Sasa utaniambia saluni nyingi zina lile boksi la mwanga wa bluu. Lipo, linapendeza, wateja wakiliona roho zinatulia. Lakini mwanga unaua pale tu unapofika. Kishikio kikiingia humo kimefungwa, na uchafu umeganda chini ya kibano, kinatoka kama kilivyoingia. Na wengi hubadilisha wembe vizuri tu, kishikio wakakiacha vilevile. Spiriti nayo tunaipitisha na pamba mara moja, harufu ikisikika tunahesabu kazi imekwisha. (Ile inayomwagwa kisogoni baada ya kunyoa, mteja akaruka kwenye kiti, hiyo haijasafisha kifaa chochote. Inamchoma mteja tu.)

Kinachofanya kazi kila mtu anacho nyumbani. Osha kishikio kwa sabuni na mswaki, kikiwa kimefunguliwa, kisha kitumbukize kwenye Jiki, sehemu moja kwa sita za maji, dakika kumi, ukisuuze na kukikausha. Usikisahau humo, kitaota kutu. Ukiwa na vishikio vitatu vya kupokezana, hata Jumamosi hukwami. Mashine haiwezi kutumbukizwa, hiyo inapigwa brashi, visu vyake vinafutwa kwa spiriti na kuachwa vikauke vyenyewe. Watoto wangepungukiwa mapunye kama tungefanya hilo tu.

Ombi langu ni kwamba mkija tena, ulizeni wembe kabla ya leseni. Mwambieni kinyozi afungue kishikio mbele yenu. Mtangaze mtaani, hata kwa gari la matangazo, kwamba mteja ana haki ya kuona karatasi ikichanwa mbele ya macho yake, wembe mzima utumike kwake peke yake, na nusu iliyobaki nayo iende kwenye kopo la nyembe zilizotumika. Mteja akidai, kinyozi hatabisha. Mimi nikidai kwa wenzangu naitwa mnoko.

Kuhusu hilo kopo: nyembe zetu tunazitupa kwenye kiroba pamoja na nywele. Kijana wa mkokoteni anakibeba mgongoni, kiroba kinamchoma. Hospitali wana maboksi yao ya vitu vyenye ncha kali, sisi hatuna pa kupeleka. Mimi nakusanya kwenye kopo la maziwa lenye tundu kwenye kifuniko. Limejaa tangu Februari na sijui nimpe nani. Kama zahanati ya kata inaweza kutupokelea mara moja kwa mwezi, tutapeleka wenyewe, nauli yetu.

Faini sitaki uanze nazo. Ukianza nazo, siku ya ukaguzi droo zote zitakuwa safi na kesho yake mambo yaleyale. Tuite kwanza vinyozi wa kata, asubuhi ya Jumatatu ambapo hatuna wateja, mtuchanje. Dozi ni tatu ndani ya miezi sita, kwa hiyo mtatuona mara tatu, na mara hizo tatu mnaweza kutufundisha lolote mnalotaka.

Droo yangu ni ile ya kushoto, chini ya kioo. Haina kufuli.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Kinyozi wa kiti kimoja,
Dar es Salaam